Diski ya nje inakatika katikati ya kukopi, na harusi tatu ziko ndani. Naombeni msaada

PichaTanga – Jumatatu, saa 2:40 usiku

Wakuu, habari za usiku.

Mimi ni mpiga picha na video hapa Tanga mjini. Kazi zangu ni za shughuli: usiku wa hina, nikaha, walima, sendofu. Nina diski ya nje ya TB 2, ile ndogo ya inchi 2.5 isiyo na adapta ya umeme, inayotumia waya wa USB 3.0 wenye kichwa kipana kilichogawanyika sehemu mbili. Huu ni mwaka wa tatu naitumia na haikuwahi kunisumbua.

Tangu wiki iliyopita nikiichomeka inaonekana, folda zinafunguka, picha zipo. Nikianza kukopi inakwenda dakika mbili tatu, mara nasikia ule mlio wa kompyuta kama mtu kachomoa kitu, taa ya diski inazima, baada ya kitambo inawaka tena na mlio wa kuchomeka unasikika. Hapo kukopi kumeshakufa. Jana ilifika GB 11. Leo asubuhi haikufika hata GB 1. Mara mbili Windows imeniambia diski inatakiwa kufomatiwa kabla ya kutumika. Nilikataa, nikachomoa na kuchomeka upya, folda zikarudi.

Ndani kuna GB 640. Harusi tatu sijazikabidhi, na moja bibi harusi anasafiri Jumamosi kwenda Muscat kwa mumewe na anataka aondoke na video yake. Kadi za kamera nilishazifuta nikazitumia kwenye shughuli nyingine. Nakala nyingine sina. Sijalala vizuri siku nne.

Natanguliza shukrani.

Kipepeo88 – saa 2:58 usiku

Pole sana mkuu. Kubali tu ifomati, halafu tafuta programu ya kurudisha mafaili, ziko nyingi za bure. Flashi yangu nilifanya hivyo na picha zikarudi karibu zote.

FundiBodi – saa 3:15 usiku

PichaTanga, nakuomba usifomati. Na kompyuta ikikuuliza kama ikurekebishie diski, kataa pia. Chomoa diski, iweke mezani, tuzungumze kwanza.

Kipepeo88, umeshauri kwa nia njema, na kwa flashi nzima iliyofutwa kwa bahati mbaya njia yako inafanya kazi. Huyu mwenzetu hajafuta kitu. Mafaili yake yapo, kinachokatika ni njia ya kuyafikia. Akifomati anaandika upya ile orodha inayoiambia kompyuta kila faili liko wapi, tena anaiandika kupitia njia hiyo hiyo inayokatika. Baadaye programu ya kurudisha itamletea rundo la picha zisizo na majina wala folda. Video za kamera ndizo mbaya zaidi: faili la GB 4 likiwa limetawanyika vipande vipande kwenye diski, mara nyingi linarudi na halichezi. Mtu wa harusi "karibu zote" haimsaidii, kwa sababu ile iliyokosekana inaweza kuwa ndiyo ya nikaha.

Hiyo sentensi ya "ifomati kwanza" inatisha, lakini maana yake ni moja tu: kompyuta ilijaribu kusoma mwanzo wa diski na haikupata jibu linaloeleweka. Kama umeme ulishuka sekunde ile, jibu lisingepatikana hata kama diski ni nzima kabisa. Ndiyo maana ulipochomeka upya folda zilirudi.

Sasa naomba unijibu haya. Diski inatoa sauti gani ikizunguka, laini au inagonga? Umeichomeka moja kwa moja kwenye laptopu au kupitia kitu kingine? Waya ni ule uliokuja nayo? Na ukigusa kichwa cha waya kidogo sana upande wa diski, taa inafanya nini?

Nakuuliza hivyo kwa sababu diski za aina hii zinakula umeme wa porti. Kwa kanuni porti ya USB 2.0 inatoa miliampea 500 na ya USB 3.0 inatoa 900, kwa volti 5. Diski ikishazunguka inatosheka na kiasi hicho. Pale inapoanza kuzungusha sahani za ndani zinazobeba data inaweza kuvuta karibu ampea 1 kwa sekunde chache. Chochote kinachoubana umeme hapo katikati kitaiangusha.

PichaTanga – saa 3:50 usiku

Ahsante sana mkuu, nimeichomoa.

Sauti ni laini, haigongi. Laptopu yangu ina porti mbili na moja imekufa, kwa hiyo natumia kigawanyio cha USB cha matundu manne. Humo kuna diski, kibodi, na kile kidude cha mausi isiyo na waya. Waya uliokuja na diski ulipotea kwenye walima kule Pangani, huu nilinunua barabarani elfu nne.

Nimejaribu kugusa kichwa cha waya upande wa diski. Kikiinama kidogo kwenda chini taa inapepesa. Nikikishikilia juu inatulia.

Na kitu kingine ambacho sikukitaja kwa sababu nilidhani hakihusiani: diski ikianza kukopi, mausi inaanza kurukaruka na kukwama. Diski ikizima, mausi inarudi sawa.

FundiBodi – saa 4:05 usiku

Kinahusiana. USB 3.0 ikifanya kazi inatoa kelele za redio kwenye masafa ya 2.4 GHz, na mausi nyingi zisizo na waya ziko masafa hayo hayo. Intel waliandika waraka kuhusu jambo hilo mwaka 2012. Mausi kukwama peke yake si ugonjwa wa diski, hata kwenye vifaa vizima inatokea. Ila waya usiokingwa vizuri unavujisha kelele nyingi zaidi, na waya wa aina hiyo mara nyingi una nyuzi nyembamba za umeme vilevile. Basi tunao washukiwa watatu: kigawanyio, waya, na tundu la diski. Diski yenyewe naiweka wa mwisho.

Usijaribu tena kukopi leo. Kila ikikatika, vichwa vya kusomea vinarudi mahali pake kwa ghafla, na hakuna sababu ya kuvitesa.

Nyali_001 – saa 4:30 usiku

Ndugu yangu wa Tanga, salamu kutoka Mombasa. Soma hili kabla hujalala, maana sisi na nyinyi bahari ni moja.

Yangu ilikuwa na dalili hizo hizo mwaka jana. Nikabadilisha waya mara mbili, bado. Siku moja nikalimulika tundu la diski na tochi ya simu, nikaona kwenye vile vijino vya shaba kuna ukoko wa kijani. Ni kutu ya shaba inayoletwa na chumvi. Nyumba yetu madirisha yanatazama pwani na diski nilikuwa naiacha juu ya meza usiku kucha. Upepo wa bahari unaingia kila mahali, na tundu la USB halina kifuniko.

Niliisafisha kwa spiriti ile kali ya maabara, asilimia 99, na mswaki laini mpya, diski ikiwa imechomolewa. Nikaiacha ikauke nusu saa. Usitumie spiriti ya dukani yenye maji mengi na rangi, na usikwangue kwa sindano kama nilivyotaka kufanya mimi hadi mjomba akanizuia. Vile vijino vikipinda umeshapoteza tundu.

Kernel_Moro – saa 4:52 usiku

Nyongeza upande wa kompyuta, maana mara nyingine kompyuta ndiyo inakata.

Windows ina tabia ya kuzizimisha porti za USB ili kuokoa betri. Kwenye Device Manager fungua sehemu ya USB, kila iliyoandikwa Root Hub ingia kwenye ukurasa wake wa umeme, ondoa alama inayoiruhusu kompyuta kukizima kifaa. Kisha kwenye mipangilio ya umeme zuia diski kulazwa. Lakini angalia: ukatikaji wa namna hii kwa kawaida huja diski ikiwa imekaa bila kazi. Yako inakatika ikiwa kazini, kwa hiyo sitegemei hili litakuponya. Fanya tu ili liondoke kwenye hesabu.

Cha maana zaidi kesho uniletee vitu viwili. Cha kwanza, fungua Event Viewer, kumbukumbu za System, utafute matukio namba 157 na namba 7. Namba 157 maana yake diski ilitoweka ghafla. Namba 7 maana yake kuna sehemu ya diski iliyoshindwa kusomeka. Cha pili, weka CrystalDiskInfo, ni programu ya bure, usome mistari ya 05, C5, C6 na C7. Hiyo ni hesabu ambayo diski inajiwekea yenyewe kuhusu afya yake. 05 ni sekta (vipande vidogo vya diski vinavyohifadhi data) zilizokwisha kuzikwa na kubadilishwa, C5 ni zile zinazosubiri kuamuliwa, C6 ni zilizoshindikana. C7 ni makosa ya mawasiliano, ikiwa sifuri basi waya wako hauna hatia.

Na tafadhali sana, usiendeshe chkdsk, ile programu ya Windows ya kukagua diski. Ikiambiwa irekebishe, inaandika. Diski yako ikiwa imepangwa kwa mfumo wa mafaili wa exFAT haina daftari la kumbukumbu kama ule wa NTFS, ikikatika wakati chkdsk inapanga upya orodha unaweza kupoteza folda nzima.

FundiBodi – saa 5:10 usiku

Nakubaliana na Kernel_Moro kwa yote isipokuwa C7, na hapo naomba tuelewane vizuri kwa sababu wengi wanapotea. C7 inahesabu makosa ya njia ya SATA, yaani kati ya diski na ile bodi ndogo inayogeuza SATA kuwa USB ndani ya kasha. Waya wa USB uko nje ya njia hiyo, diski haiuoni. Tena kuna diski za nje ambazo tundu la USB limelehemewa kwenye bodi ya diski yenyewe, njia ya SATA ya kuchomoa haipo kabisa. Kwa hiyo C7 ikiwa juu ina la kusema, lakini ikiwa sifuri haijausafisha waya wa USB hata kidogo.

Kernel_Moro – saa 5:14 usiku

Kweli kabisa, nimekosea. Nimezoea diski za ndani. PichaTanga fuata ya FundiBodi hapo.

PichaTanga – Jumanne, saa 6:20 mchana

Wakuu nimerudi na majibu.

Namba 157 nimehesabu 23 ndani ya siku saba. Namba 7 hakuna hata moja. CrystalDiskInfo: 05 sifuri, C5 sifuri, C6 sifuri, C7 sifuri. Rangi ya juu ni ya bluu, imeandika diski ni njema.

Nimeazima kipima USB kwa fundi simu wa jirani, kile kidogo chenye kioo. Kwenye kigawanyio bila kitu kinasoma volti 5.06. Diski ikianza kuzunguka inashuka hadi 4.52, ikitulia inasimama 4.71. Nimekitoa kigawanyio, nikachomeka moja kwa moja kwenye laptopu: 4.98 na haitikisiki. Nikafurahi nikadhani tumemaliza. Nikajaribu kukopi folda moja ndogo, ikakatika kwenye GB 6.

Nimemulika tundu kama alivyosema ndugu wa Mombasa. Kijani kipo, upande ule mwembamba wa tundu, si upande mpana. Spiriti ya 99 nimepata duka la dawa za maabara, nimesafisha, nimeacha ikauke. Nikijaribu tena inafika GB 20 halafu inakatika. Ina nafuu, haijapona.

FundiBodi – Jumanne, saa 7:05 mchana

Umefanya kazi nzuri kuliko mafundi wengi ninaowajua, na majibu yako yanasema mengi. C5 na C6 sifuri, namba 7 hakuna: sahani na vichwa ni vizima. Kigawanyio kilikuwa kinakula nusu volti, kiweke kando moja kwa moja. Jua pia kwamba kipima chako kinasoma hapo kilipochomekwa, hakioni kinachopotea ndani ya waya baada yake. Kwa hiyo 4.98 si kile kinachoifikia diski.

Sasa nikupe njia ambayo imeniokoa mara nyingi. Angalia tundu la diski yako: sehemu mbili, pana na nyembamba. Ile pana ni sawasawa na tundu la simu za zamani, zile kabla ya Type-C. Hii si bahati, walitengeneza makusudi. Ndani ya waya wa USB 3.0 kuna nyuzi nne za USB ya zamani, mbili za umeme na mbili za data, halafu kuna nyingine tano za mwendo wa kasi. Hizo tano zinapita upande mwembamba, huko huko ulikoona kijani na huko huko kichwa kinakochezacheza.

Tafuta waya mzuri mfupi wa simu ya zamani, ule unaopitisha data, usiwe wa kuchaji tu. Uchomeke kwenye sehemu pana peke yake. Diski itaamka kama ya USB 2.0. Itakuwa polepole, MB 30 hadi 35 kwa sekunde, lakini haitagusa kabisa ule upande mgonjwa. Upande wa kompyuta uchomeke kwenye porti ya bluu, yaani ya USB 3.0, ili umeme uwe wa kutosha.

GB 640 kwa mwendo huo ni kama saa tano hadi sita. Unaweza kuvumilia.

Mama_Zumaridi – Jumanne, saa 8:30 mchana

Samahani kuingilia uzi wa watu, ila na mimi nina shida inayofanana. Yangu haikatiki. Nikiipelekea mafaili mengi inaanza na MB 110 kwa sekunde, baada ya muda inashuka hadi 10, mara nyingine sifuri kwa dakika nzima, kisha inaendelea. Nayo ni mbovu?

Kernel_Moro – Jumanne, saa 8:41 mchana

Hapana dada, angalau si lazima. Diski nyingi ndogo za nje zinatumia mpangilio uitwao SMR, ambapo mistari ya data inalaliana kama vigae vya paa. Ukitaka kuandika mstari mmoja, diski inabidi iandike upya na majirani zake. Kwanza inapokea haraka kwenye eneo la akiba, eneo likijaa inaanza kupanga, ndipo inasimama. Usiichomoe ikiwa kwenye hali hiyo. Angalia tu C5: ikiwa sifuri, endelea kwa subira. Ikiwa ina namba, fungua uzi wako tukuangalie.

Kipepeo88 – Jumanne, saa 9:15 alasiri

Nimesoma yote, nimejifunza. Swali moja: C5 ya jamaa ingekuwa na namba, mngemwambia nini?

Kernel_Moro – Jumanne, saa 9:40 alasiri

Ningemwambia aache kukopi kwa folda. Ukikopi kwa kawaida, Windows ikikuta sekta mbaya inang'ang'ania hapo hapo, na diski inayokufa inamalizika ikiwa inang'ang'ania. Kwenye Linux kuna ddrescue. Inanakili diski nzima kwenda diski nyingine, inachukua kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, zile ngumu inaziruka na kuzirudia mwishoni. Inaandika ramani ya ilipofikia, hivyo hata ikikatika unaendelea pale pale. Hatari yake ni moja na ni kubwa: ukichanganya diski ya kutoka na ya kwenda, unaifuta ya kutoka. Angalia majina mara tatu kabla ya kubonyeza.

Kwa PichaTanga: sahani zako ni nzima, kwa hiyo robocopy inatosha, ni programu ya kukopi iliyomo ndani ya Windows tayari. Iambie isijaribu tena mara milioni, maana hivyo ndivyo ilivyo bila kuiambia. Weka /E /R:1 /W:5, yaani folda zote, kurudia mara moja, kusubiri sekunde tano. Ikikatika, unairudisha na inaruka yale iliyokwisha kopi. Anza na ya Muscat.

PichaTanga – Jumatano, saa 7:50 usiku

Wakuu niko macho, nawaandikia kwa simu. Niko dukani kwa rafiki yangu mwenye stesheneri, ameniachia ufunguo. Ana kompyuta ya mezani, nimechomeka diski yangu nyuma kabisa kwenye porti za bodi na si zile za mbele, na nyuma hapo hapo diski mpya ya TB 1 niliyokopa hela kuinunua. Kompyuta iko kwenye UPS.

Waya wa simu ni wa mama, ule wa simu yake ya zamani, mfupi kama kiganja na nusu. Nilipouchomeka moyo ulikuwa unaenda mbio. Taa ikawaka, folda zikaja. Diski nimeilaza juu ya rimu ya karatasi ili ilingane na urefu wa porti, waya nimeubandika kwa selotepu mezani na kwenye rimu usicheze. Feni ndogo inaipepea kwa mbali.

Nilianza saa 3 usiku na harusi ya Muscat, GB 118. Imeisha saa 4 na dakika kama 5. Haikukatika. Mwendo wake ni MB 32, 33, hauyumbi. Sasa iko kwenye harusi ya pili. Umeme wa mtaa umekatika mara moja kwa dakika kama mbili, UPS ikashika, nikasimama nimeshikilia meza kama mtu anayeweza kusaidia.

Nyali_001 – Jumatano, saa 8:10 usiku

Niko nawe ndugu. Usiguse kitu. Kaa mbali na huo waya.

FundiBodi – Jumatano, saa 11:30 alfajiri

Ikiisha usifute chochote kwenye diski ya zamani. Linganisha idadi ya mafaili na ukubwa pande zote mbili, kisha fungua video zilizo ndefu na uzipeleke hadi dakika ya mwisho. Faili kuonekana kwenye folda hakutoshi.

PichaTanga – Ijumaa, saa 5:00 usiku

Mrejesho.

Iliisha saa 9 na nusu usiku ule. Mafaili 1,946 upande huu, 1,946 upande ule. Jana nimekaa siku nzima nafungua video moja moja.

Mbili hazichezi, zote za sendofu ya mteja wa tatu. Zina ukubwa wake lakini zikifika katikati zinaganda. Nimetazama saa zilizoandikwa kwenye mafaili hayo nikakumbuka: siku ile diski ilipokatika mara ya kwanza kabisa, nilikuwa nahamisha kutoka kwenye kadi, na hizo mbili ndizo zilizokuwa njiani. Nilidhani zilimalizika, nikafuta kadi. Moja nimeipata kwenye kamera ya pili iliyokuwa upande wa jukwaa, pembe tofauti lakini maneno ya baba wa binti yanasikika yote. Nyingine ni dakika nne za wageni kuingia ukumbini. Hiyo haipo. Nimempigia mteja nikamweleza mwenyewe kabla hajauliza, na nimempunguzia hela. Alinyamaza kidogo, akauliza kama ile ya baba ipo. Nikamwambia ipo.

Harusi ya Muscat nimeikabidhi leo baada ya swala ya Ijumaa. Bibi harusi aliitazama mwanzo hadi kwenye kuvishwa pete, pale pale barazani, shangazi zake wamemzunguka.

Diski nilimpelekea yule fundi simu aitazame kwa lenzi. Kwenye ule upande mwembamba wa tundu, vijino viwili lehemu yake imepasuka, ufa mwembamba kama unywele, na kijani kimeingia chini. Aliniomba ailehemu upya. Nimemwambia asubiri hadi niwe na nakala ya pili, kwa sababu sasa hivi ya zamani ndiyo bekapu yangu na inasomeka vizuri kwa waya wa mama. Mwisho wa mwezi nanunua diski nyingine, ndipo nitamwachia. Kwa sasa zote mbili zinakaa ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu, mbali na dirisha.

FundiBodi, Kernel_Moro, Nyali_001, sijui niseme nini. Mungu awabariki. Kipepeo88 na wewe pia, wewe ndiye uliyenijibu wa kwanza.

Kigawanyio nimekibakiza kwa kibodi na mausi. Ule waya wa elfu nne nimeukata vipande kwa mkasi, asije mtu akauokota akautumia.